Aliacha Kuniuliza Kama Nimesoma

HEBU jiulize: katika jamaa zako wote, ni yupi ungemtafuta hata kama hamngekuwa ndugu wa damu? Sisemi wale wa kukutana nao tu kwenye matanga na harusi. Nasema yule ambaye simu yake ikiingia unatoka nje ya nyumba ili mpige stori vizuri.

Wangu alikuwa mjomba, kaka mdogo wa mathe. Alikuwa fundi wa redio, kibanda chake kikiwa Luthuli Avenue hapa Nairobi, na nyumba yake mtaani Kaloleni. Aliniita "mjomba", nami nikamwita "mjomba". Ungetusikia kwa simu ungedhani ni wazee wawili wanapanga mahari.

Jumapili ilikuwa siku yetu. Nilikuwa nafika kwake saa nne hivi, nakuta meza imejaa redio zilizopasuliwa matumbo. Yeye analehemu nyaya, mimi namshikia tochi, chai ya tangawizi iko kando. Alikuwa shabiki sugu wa Leonard Mambo Mbotela na kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana?, kilichoanza mwaka wa 1966, kabla mjomba mwenyewe hajazaliwa. Swali hilo alilitumia kwa kila kitu. Nikimaliza mandazi bila kumbakishia, ananitazama juu ya miwani: "Mjomba, je, huu ni ungwana?"

Kuna stori moja alipenda kuirudia. Agosti 1, 1982, akiwa na miaka 12, aliisikia sauti ya Mbotela redioni ikitangaza kuwa serikali imepinduliwa. Wanajeshi walikuwa wamemlazimisha mtangazaji huyo kusema hivyo, na jaribio lenyewe likazimwa. Mjomba alishikilia kuwa hata yeye, mtoto, aligundua kuna kitu hakiko sawa. "Skiza sauti, mjomba," alikuwa akiniambia. "Maneno mtu anaweza kupewa."

Sasa hapa ndipo panaponiuma.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, karo ilikwama nikaacha masomo. Tena nisikudanganye, si karo tu. Hata hamu ilikuwa imeisha. Mjomba alikuwa akinitumia Sh500 kwa M-Pesa kila Ijumaa, kisha ananipigia. Kabla ya kukata simu lazima aulize, "Umesoma?" Nami najibu, "Nimesoma, mjomba," huku niko Gikomba, nimetoka kubeba marobota ya mitumba na jasho halijakauka. Nilimdanganya hivyo miezi saba. Mathe pia nilimdanganya, lakini hiyo sikuihisi sana. Mzazi unamficha mambo mengi. Mjomba alikuwa rafiki.

Kisha Ijumaa moja akabadilisha swali. "Umekula?" Nikamwambia nimekula. Ijumaa iliyofuata, tena: "Umekula?" Sikutia maanani. Kwani kuna ajabu gani mjomba akiuliza kama umekula?

Alifariki mwaka wa 2024. Presha ilimwangusha akiwa kazini, na hakufika hospitalini akiwa hai. Baada ya mazishi, mkewe aliniita jikoni akaniambia jambo ambalo bado sijalimaliza kichwani. Mjomba aliniona Gikomba. Alikuwa ameenda kununua suruali, akaniona nimeinama chini ya robota, akajificha nyuma ya kibanda cha viatu hadi nilipopita. Anti alimuuliza mbona asiniite. Akajibu, "Nikimuuliza nitamfanya adanganye tena. Akiwa tayari ataniambia."

Basi ndiyo maana aliacha kuuliza kama nimesoma.

Na unajua? Nilikuwa nimepanga kumwambia. Kila Jumapili nilifika kwake nimejiandaa, tochi mkononi, kisha nasema wacha ingoje wiki ijayo, leo stori ni tamu. Yeye naye alikuwa anangoja, akilehemu nyaya zake. Tulikaa tukingojeana hivyo, kila mtu akimhurumia mwenzake.

Mambo Mbotela alipoaga dunia Februari 2025, mtu wa kwanza niliyetaka kumpigia ni mjomba. Nilikuwa nishafungua simu, nishatafuta jina. Ndipo nikakumbuka.

Wiki hiyo nilimwambia mathe ukweli wote. Alikasirika, tena sana, na hatukuongea siku kumi. Lakini siku hizi akiniuliza habari zangu, ninayomwambia ni ile ya kweli.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii kwenye mathree ukielekea kazini au chuoni, au ukijifanya unaelekea chuoni kama nilivyokuwa mimi: fikiria yule jamaa yako uliyejibu "niko poa" juzi. Huenda anajua tayari. Huenda anangoja tu. Mpigie, umwambie, hata kama sauti itatetemeka.