Ijue Ruta Kabla ya Kulidunga Tundu Lake

Ndugu msomaji, katika maabara nyingi za tarakilishi hukosi kuona kijisanduku chenye taa zinazomemeteka, kimepachikwa ukutani au kimewekwa juu ya kabati. Hiyo ndiyo ruta. Kazi yake ni kuupokea mtandao wa intaneti kutoka nje na kuugawa kwa tarakilishi zote zilizomo ndani. Mtandao ukikatika, kila mtu huikimbilia. Huyu anachomoa waya, yule anachomeka, na wa tatu anatafuta kalamu ya kudungia kile kitundu kilichoandikwa RESET. Ukiwauliza wanagusa nini, hawajui! Makala haya yanaeleza kila tundu na kazi yake, ili tusiharibu kwa sekunde chache kazi ambayo fundi aliifanya kutwa nzima.

Tundu la umeme

Ruta haili umeme wa ukutani moja kwa moja. Huja na adapta yake inayoushusha umeme kutoka volti 240 hadi volti 9 au 12, kutegemea aina ya ruta. Vichwa vya adapta hizi hufanana kama mapacha, na hapo ndipo mtego ulipo. Adapta ya volti 12 yaweza kuingia vizuri tu katika ruta ya volti 9, kumbe waweza kuichoma. Soma maandishi yaliyo chini ya ruta, kisha usome ya adapta. Volti zikitofautiana, wacha.

Matundu ya waya

Tuchukue mfano wa ruta ya TP-Link iitwayo TL-WR841N. Nyuma yake mna matundu 5 ya waya wa mtandao. Moja ni la buluu, limeandikwa WAN. Manne ni ya manjano, yameandikwa LAN. Yote yana umbo moja na hupokea waya wa aina moja, ule wenye nyuzi 8 ndani na kichwa cha plastiki. Hata hivyo, kazi zake ni mbalimbali. WAN ni kama lango kuu la boma: hapo huingia waya utokao kwa kampuni inayouza intaneti. LAN ni milango ya nyumba zilizomo bomani: hapo huchomekwa waya za tarakilishi. Waya hizo zisizidi urefu wa mita 100 kila moja.

Sasa, kuna mtu ambaye akiona waya unaning'inia ovyo, huchomeka ncha zake zote mbili kwenye LAN, eti anasafisha maabara. Lo! Ujumbe uliokusudiwa mashine zote utatokea mlango huu, uingie ule, utoke tena, uzunguke bila kikomo. Punde si punde maabara nzima imekwama, na hakuna kitu kilichovunjika. Dawa yake ni kuuchomoa waya huo tu.

Mahali pa laini

Ruta nyingine, kama vile TL-MR6400, zinaweza kupata intaneti kwa laini ya simu, sawa na ile ya simu ya mkono. Laini huwa za ukubwa wa aina tatu: milimita 25 kwa 15, milimita 15 kwa 12, na milimita 12.3 kwa 8.8. Ukiitia ndogo mahali pa kubwa bila fremu yake, yaweza kukwama ndani au kupinda vijino vya chuma. Zima ruta kwanza, kisha utazame ile kona iliyokatwa. Hiyo ndiyo inayokuonyesha upande wa kuingizia.

Kitufe cha RESET

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Katika matoleo mengi ya TL-WR841N, kitufe kimoja kina kazi mbili. Ukikibonyeza kwa muda usiofika sekunde 5, ruta hukiruhusu kifaa kipya kijiunge bila kuandika neno la siri. Ukikishikilia kupita sekunde 5, ruta hufuta mipangilio yote na kurudi kama ilivyotoka kiwandani. Jina la mtandao limekwenda. Neno la siri limekwenda. Hata jina na namba ya siri ambavyo kampuni ya intaneti ilimpa mwalimu, kama viliandikwa humo, vimekwenda pia. Asiyevihifadhi kwenye karatasi atabaki kusubiri hadi kampuni ipigiwe simu.

Tena si hayo tu. Ruta nyingi za zamani zikifutwa hivyo, neno la kufungulia mipangilio yake hurudi kuwa "admin", neno linalojulikana dunia nzima. Yeyote aliyeunganishwa anaweza kuingia na kubadilisha atakavyo.

Je, RESET haina faida? Inayo. Hutumika neno la siri likisahaulika kabisa, au ruta inapouzwa au kupewa mtu mwingine, ili asirithi siri zetu.

Basi mtandao ukikatika, fuata utaratibu huu:

1. Tazama taa. Je, ya umeme na ya WAN zinawaka?
2. Hakikisha kwamba waya zimeshika barabara.
3. Uliza kama malipo ya intaneti yamekwisha.
4. Zima ruta, ngoja nusu dakika, uiwashe. Kuzima hakufuti mipangilio. Watu wengi huchanganya kuzima na RESET.
5. Yote yakishindikana, mwite mwalimu. RESET ni ya mwisho, na kwa ruhusa yake.

Wahenga walisema, majuto ni mjukuu. Waya ukiuchomoa, utaurudisha. Mipangilio iliyofutwa hairudi yenyewe. Kwa hivyo wenzangu, tukiwa maabarani, kalamu na iwe ya kuandikia.