Injini Haifi Bila Sababu

Katika wilaya ya Rungwe, ambako mvua ya mwaka katika miteremko ya kusini-mashariki ya mlima ulioipa wilaya jina lake hufikia milimita 3,000, mti hukua upesi kuliko mahali pengi pa nchi yetu, na aghalabu mtu aliyepanda mikaratusi au misindano pembezoni mwa migomba yake huiona imefaa kwa kuni au kwa mbao kabla watoto wake wadogo hawajamaliza masomo. Viwanda vya chai vyahitaji kuni za kukaushia majani, mafundi wa Tukuyu wahitaji mbao za kuezekea, na kati ya mti uliosimama na mbao iliyopangwa kando ya barabara kipo chombo kimoja kilichotwaa mahali pa msumeno wa watu wawili na shimo la kupasulia: msumeno wa mnyororo, ambao wapasua mbao huuita chenso.

Chombo hicho kikizima hukatika riziki ya watu wengi: mwenye mashine, mpasuaji, wabebaji, na aliyelipa arubuni ya mbao. Wapo wasemao mara moja kwamba mashine imenoki, wakaiuza kwa bei ya chuma chakavu. Na wapo wanunuao pistoni mpya, wakaitia alasiri moja, wakafurahi kwa juma zima, kisha ikanoki tena palepale iliponoki mwanzo. Wa kwanza hutupa mali iliyo hai, na wa pili hununua msiba uleule mara mbili. Na wote wawili wamekosa jambo moja, yaani kuuliza sababu. Kuifufua injini hii nyumbani hakuhitaji karakana kubwa. Kwahitaji meza safi, spana na bisibisi chache, subira, na zaidi ya hayo yote, tabia ya kuchunguza kabla ya kutengeneza.

Asiyejua chombo hufanyaje kazi hawezi kujua kimekufaje. Basi na tuanze na maumbile yake. Injini nyingi za magari ni za mapigo manne, ambamo pistoni hupanda na kushuka mara mbili ndipo upatikane mlipuko mmoja. Ya msumeno ni ya mapigo mawili, ambayo kila ipandapo na kushuka mara moja mlipuko umekwisha kutukia, hata injini izungukayo mara 10,000 kwa dakika hulipuka zaidi ya mara 160 katika sekunde moja. Kasha la krenki lililo chini ya pistoni hutumika kama pampu, shauri lililotimizwa na Joseph Day wa mji wa Bath, Uingereza, mwaka 1891, ndio mwaka Wamoravian walipofungua misheni yao Rungwe. Pistoni ipandapo, mchanganyiko wa hewa na petroli hufyonzwa ndani ya kasha. Ishukapo, mchanganyiko huo husukumwa kupitia njia za ubavuni mwa silinda hadi juu, ambako plagi huuwasha.

Katika maumbile hayo mna mambo mawili ambayo mwenye chenso hana budi kuyahifadhi. La kwanza ni kwamba kasha la krenki ni njia ya hewa, na kwa hiyo tundu dogo katika sili au gasketi, ambalo katika injini ya gari lingevujisha oili tu, katika injini hii huingiza hewa isiyopimwa na kuiunguza pistoni. La pili ni kwamba injini hii, kwa kuwa hufanya kazi ikiwa imesimama, imelala au imepinduliwa, haina kisima cha oili. Oili yake yote huja pamoja na petroli, na atakayeitia petroli tupu ameinyima mashine maji ya uhai.

Uchunguzi huanza kwa kuifungua silensa na kutazama ndani ya tundu la moshi, huku ukiivuta kamba polepole ili pistoni ipande na kushuka mbele ya macho yako. Pistoni nzima hung'aa kijivu, na mistari myembamba ya kiwandani huonekana ubavuni mwake. Iliyonoki ina makovu ya wima, yenye kingo zilizochanika, na alumini yake imepakaa kwenye ukuta wa silinda. Makovu yakiwa upande wa moshi tu, ujue joto lilizidi, ama kwa uchache wa oili ama kwa wingi wa hewa. Ili kutofautisha, tazama chini ya pistoni na kwenye konrodi: pakiwa pakavu pasipo hata utando wa oili, petroli iliyotiwa ilikuwa tupu; utando ukiwapo ilhali makovu yapo, hewa iliingia kupita kiasi. Upande wa kabureta ukiwa umefifia na kulika kwa usawa kama uliosuguliwa msasa, vumbi la mbao limepita katika chujio lililochakaa. Na kichwa cha pistoni kikiwa na vishimo vilivyogongwa, kipande cha ringi au cha beringi kimekatika na kuzunguka humo ndani.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wa Rungwe wanastahili kuijua kuliko watu wa pwani. Tukuyu imekaa katika kimo cha takriban mita 1,500, ambako kani ya hewa imepungua kwa zaidi ya sehemu 15 katika 100 ikilinganishwa na ufukweni, wakati Kyela, iliyo mwendo wa saa moja hivi kwa gari, iko bondeni karibu na Ziwa Nyasa kwa kimo cha mita 500 tu. Msumeno uliorekebishwa kabureta Tukuyu, ukafungwa skrubu mpaka ukalia kwa sauti kali ya kupendeza, ukishushwa Kyela hukutana na hewa nzito. Petroli huwa haba kwa hewa hiyo, mzunguko huzidi, joto hupanda, na pistoni hunoki kabla ya gogo la pili kukatika, kisha lawama hutupwa kwa muuza vipuri aliyekuwa hana hatia. Kadhalika msumeno uliorekebishwa Dar es Salaam ukiletwa huku juu hutoa moshi mwingi na kukosa nguvu, wala hauna ugonjwa. Wahitaji kurekebishwa upya tu.

Sababu ikiisha kujulikana, ndipo fundi avunje mashine. Plagi hutolewa, na kipande cha kamba safi huingizwa katika tundu lake kiijaze nafasi ya juu ya pistoni, ili krenki isizunguke wakati klachi inapofunguliwa. Na hapa wengi huvunja vyuma kwa nguvu, kwa kuwa klachi ya misumeno mingi hufunguka kwa kuzungushwa kulia, kinyume cha desturi ya nati. Kila skrubu iwekwe katika kikopo chake kwa mpango wa kutolewa, na kila mrija wa mafuta utazamwe kama umepasuka, kwa maana mpira hukakamaa, na ufa usioonekana ukiwa umelala hufunguka ukivutwa.

Silinda ndiyo sehemu ya thamani kuliko zote, na si lazima kuitupa. Ukuta wa silinda nyingi za misumeno ni alumini iliyopakwa tabaka gumu la kromi au nikeli, wala silinda hizo hazichongwi zikapanuliwa kama silinda ya gari. Lakini mara nyingi lile linaloonekana kuwa kovu la silinda ni alumini ya pistoni iliyogandamana juu ya tabaka lililo salama. Alumini hiyo huondolewa kwa asidi ya haidrokloriki iliyopakwa kwa ncha ya pamba, tone kwa tone, mahali palipogandamana tu, nje ya nyumba, kwa glavu na miwani, na huchemka ikitoa povu. Povu likikoma, huoshwa kwa maji mengi, na kusuguliwa kidogo kwa msasa laini. Hadhari ni kwamba asidi isiguse kingo za matundu wala mahali ambapo tabaka limebanduka, kwani huko itakula silinda yenyewe. Ukucha ukipitishwa na kukwama katika mfereji, silinda hiyo imekwisha, na kuitia pistoni mpya ni israfu.

Kisha hutazamwa krenki. Konrodi ikishikwa na kusukumwa juu na chini haipaswi kucheza hata kidogo, ingawa kuyumba kidogo kwa ubavuni ni halali yake; na beringi ikizungushwa kwa kidole ikalia au kukwaruza, ibadilishwe. Katika nchi ya mvua kama Rungwe beringi nyingi hazifi kwa kazi, hufa kwa kutu, kwa kuwa msumeno uliowekwa msimu mzima jikoni au bandani na petroli kuukuu tumboni hujikusanyia unyevu. Beringi mpya haitiwi kwa nyundo. Kasha hupashwa moto juu ya bati lililowekwa kwenye jiko la mkaa, likiwa limesafishwa petroli yote na jiko likiwa mbali na mafuta, mpaka tone la maji likiliangukia lichemke papo hapo; na beringi iliyokuwa imehifadhiwa kwenye baridi huteremka yenyewe mahali pake. Sili hubadilishwa kila kasha lifunguliwapo, hata zikionekana nzima.

Katika kuunganisha, ringi mpya huingizwa kwanza peke yake ndani ya silinda na pengo la ncha zake hupimwa. Likifikia milimita 1, ringi si ya kipimo chake au silinda imelika na haifai. Mshale uliochorwa kichwani mwa pistoni huelekezwa upande wa moshi, na ncha za ringi hukaa penye kipini kidogo kilicho katika mfereji wake, kwa sababu ncha ikihama itanasa katika tundu la silinda na kuvunjika siku ya kwanza. Vishikizo vya pini ya pistoni viwe vipya, nazo ringi, pistoni na silinda zipakwe oili kabla ya kukutana.

Baada ya hapo huja jaribio ambalo wengi huliruka, nalo ndilo litofautishalo fundi na mbahatishaji. Tundu la moshi na la kabureta huzibwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, kisha hewa hupulizwa taratibu kupitia tundu la plagi kwa pampu yenye mita mpaka pauni 7 kwa inchi ya mraba, na maji ya sabuni hupakwa kwenye sili na viungo vyote. Pakitoka povu, hapo ndipo hewa ilipokuwa ikiingilia. Sili nyingine huziba zikipulizwa na kuachia zikifyonzwa, kwa hiyo mwenye kifaa cha kufyonza na ajaribu njia zote mbili. Msumeno ukiisha fungwa, kani ya mgandamizo ipimwe penye plagi: pauni 150 ni afya njema, na chini ya 100 kuwaka kwake kutakuwa kwa taabu.

Mashine iwakapo, iachwe ipate joto, kisha skrubu ya mwendo mkubwa irekebishwe kwa sikio: bila mzigo isikike ikikoroma kidogo kwa kushiba petroli, na mnyororo ukigusa gogo mkoromo huo usafike. Ikilia kwa sauti nyembamba kali hewani, imenyimwa petroli, na mauti yake yako karibu. Katika galoni za kwanza ifanye kazi fupifupi, isipewe gogo kubwa wala kuvumishwa bure.

Ama mafuta, kipimo cha misumeno mingi ya sasa ni sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 100 kwa lita 5. Baadhi ya mashine kubwa za zamani huhitaji 1 kwa 25, ambayo ni mililita 200. Oili iwe ile iliyotengenezewa mapigo mawili, ipimwe kwa chombo chenye alama, itikiswe vizuri, na mchanganyiko usikae zaidi ya mwezi. Oili ya injini ya gari haikuundwa kuungua pamoja na petroli, na bei yake nafuu hulipwa mara nyingi kwa bei ya pistoni.

Mashine iliyofufuliwa hurudi na nguvu zake zote, na nguvu hizo zina mipaka ya sheria. Msitu wa Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2009, makazi ya kipunji, tumbili aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 2003 tu na asiyepatikana nje ya Tanzania. Na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hairuhusu kuvuna miti ya misitu ya hifadhi pasipo kibali. Msumeno ukate ulichopanda au ulichoruhusiwa, na anayeushika avae kofia ngumu, miwani na viatu vya kazi, kwani mnyororo hautambui aliyeutengeneza.

Basi, ndugu msomaji, siku chenso yako itakapozima, usikimbilie duka la vipuri, wala usimwite mnunuzi wa chuma chakavu. Fungua silensa, tazama pistoni, uliza imekufa kwa oili, kwa hewa, kwa vumbi au kwa kutu. Ondoa sababu kwanza, ndipo ununue kipuri. Fundi akikurudishia mashine yenye pistoni mpya, asiweze kukuambia ile ya kwanza iliuawa na nini, usimlipe mpaka akuambie.