Mgeni wa Mkomazi Alale Wapi?

Swali hili huulizwa mara kwa mara katika stendi ya Same na hata katika ofisi za kata. Kulijibu sawasawa ni huduma kwa mgeni na ni kipato kwa mwenyeji, kwani mgeni anayelala Moshi au Arusha, akafika asubuhi na kuondoka jioni, chakula na kitanda hulipia huko alikotoka.

Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951, ikapandishwa hadhi mwaka 2008. Ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 3,200. Milima ya Upare na Usambara huikinga mvua itokayo baharini, hivyo sehemu kubwa ya hifadhi ni nyika kame. Jina lenyewe ni la Kipare: mko ni kijiko, mazi ni maji. Katika nchi yenye maji ya kijiko, wanyama kama choroa, swala twiga na tandala mdogo huonekana zaidi alfajiri na jioni. Jua likiwa kali hutafuta kivuli. Anayelala karibu na lango, kwa hiyo, huona mengi kuliko anayeingia saa tano asubuhi.

Same mjini

Lango la Zange lipo kilomita chache tu kutoka mjini. Nyumba za wageni za mjini zinawafaa wasafiri wa basi, familia na wasio na mahema. Mgeni aelezwe mapema kwamba chumba hakiendi pamoja na usafiri: gari la kuingia hifadhini litafutwe jana yake, si asubuhi ya safari.

Kambi za ndani ya hifadhi

Kulala hifadhini kunampa mgeni saa za alfajiri, lakini kunahitaji maandalizi: hema, chakula na maji ya kutosha. Malipo ya kiingilio na ya kambi hufanywa kwa namba ya malipo ya Serikali. Magari ya wageni hayaruhusiwi kuzunguka usiku, na chakula kisiachwe ndani ya hema.

Vijiji vya milimani

Maeneo kama Mbaga yana hali ya hewa ya ubaridi, na nyika yote huonekana kwa chini. Safari ya kwenda langoni ni ndefu zaidi, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, barabara za mlimani huteleza.

Pasipofaa kulala

Tembo huvuka mpaka wa hifadhi kutafuta maji na malisho, hasa wakati wa kiangazi. Kupiga hema kando ya shamba, lambo au njia ya wanyama ni kuhatarisha maisha. Mwananchi akimwona mgeni anajiandaa kulala mahali pa namna hiyo, amwelekeze kijijini bila kusubiri giza.

Wajibu wa wenyeji

Wamiliki wa nyumba za wageni wanakumbushwa kuwa na leseni hai ya biashara, kuandikisha kila mgeni katika kitabu na kutoa risiti. Zaidi ya hayo, wahifadhi maji. Mgeni husamehe chumba kidogo. Bomba kavu baada ya siku nzima ya vumbi hasamehe. Ikiwa maji ni ya ndoo, aambiwe kabla ya kulipa. Ukweli huo haumfukuzi. Kudanganywa ndiko kunakomfukuza, naye huwaonya wenzake. Anayempokea mgeni nyumbani kwake atoe taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa.

Mwisho, hifadhi hii si ya watu wa mbali peke yao. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni wa nje. Familia, vikundi na shule zinahimizwa kwenda kuwaona faru weusi wanaotunzwa humo. Aliyeiona hifadhi kwa macho yake ndiye atakayemwelekeza mgeni vizuri.

Kwa masuala ya leseni, wananchi wamwone Afisa Biashara wa Halmashauri. Taarifa za tembo kuingia makazini zipelekwe mara moja kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata.