Homoni na mabadiliko ya rangi katika gegereka

Mabadiliko ya rangi katika gegereka ni uwezo wa kaa, kamba, uduvi na jamaa zao wa kukoza au kufifisha rangi ya mwili kufuatana na mahali walipo, mwanga, joto na saa za siku. Pweza hubadilika mara moja kwa amri ya neva, lakini gegereka huhitaji dakika kadhaa au hata saa, kwa sababu amri yao husafiri katika damu kwa njia ya homoni.

Seli za rangi

Chini ya gamba kuna seli zenye matawi kama nyota, ziitwazo kromatofori. Ndani yake mna chembechembe nyekundu, njano, nyeusi au nyeupe. Chembechembe zikisambaa katika matawi, rangi yake huonekana. Zikikusanyika katikati ya seli, hufifia. Seli yenyewe haibadiliki umbo.

Chanzo cha homoni

Homoni hizo hutengenezwa hasa na seli za neva zilizo ndani ya vikonyo vya macho. Huhifadhiwa humo humo katika tezi ya sinasi, kisha humwagwa katika damu.

Mwaka 1928 Earle Perkins alionyesha kwamba uduvi wa jenasi Palaemonetes akiondolewa vikonyo vyote viwili hubaki na rangi nzito. Akidungwa maji yaliyotolewa katika vikonyo vilivyosagwa, hufifia. Kwa kaa wa spishi Uca pugilator wa Marekani, ambaye dume lake lina gando moja kubwa sana, matokeo ni kinyume: akikosa vikonyo hufifia.

Tofauti hiyo inaeleweka kwa kuwa kuna homoni zaidi ya moja. Ile inayokusanya rangi nyekundu ilitambuliwa mwaka 1972 na Per Fernlund na Lars Josefsson katika uduvi wa spishi Pandalus borealis. Ina asidi amino 8. Nyingine, yenye asidi amino 18, husambaza rangi.

Mdundo wa siku

Kaa Uca pugilator huwa na rangi nzito mchana na hufifia usiku. Akiwekwa gizani daima, huendelea hivyo kwa siku nyingi, kwa maana ana saa ya ndani ya mwili.

Umuhimu katika ufugaji

Vikonyo hutoa pia homoni zinazozuia kukomaa kwa mayai na kujivua gamba. Kwa hiyo wafugaji wengi wa kamba hukata au kuminya kikonyo kimoja cha jike ili atage mapema. Njia hii hupingwa kwa kuwa humjeruhi mnyama na kuvuruga kazi nyingine za mwili wake.

Wekundu wa kupikwa

Kamba au kaa aliyepikwa huwa mwekundu bila kazi ya homoni. Joto huharibu protini iliyoshikana na rangi iitwayo astaksanthini, na wekundu wake hujitokeza.