UMEME WA MKONDO: KUPANGA MUZIKI WA GARI BILA KUUNGUZA GARI

Ndugu mtahiniwa, simama jioni pale njia panda ya Tinde. Magari yanayotoka Nzega hugawanyika hapo: mengine yanashika njia ya Shinyanga na Mwanza, mengine ya Isaka na Kahama. Mara nyingi utasikia besi ya gari kabla hujaliona gari lenyewe. Somo letu la leo limo ndani ya ile besi. Volteji, mkondo, ukinzani, nguvu, fyuzi, saketi ya mfululizo na saketi ya sambamba, vyote vimo. Mtihani wa Fizikia utaujibu kwa Kiingereza, lakini hakuna anayekuzuia kuelewa kwa Kiswahili kwanza.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilimsaidia shemeji yangu kufunga amplifaya na sabufa kwenye Noah yake ya kubebea abiria. Nilikuwa na digrii yangu na spana zake, nikaona fundi wa nini. Waya wa betri niliupitisha kwenye tundu la bati bila mpira wa kuukinga, tena bila fyuzi. Wiki ya pili bati likakata ganda la waya. Moshi ukajaa ndani, abiria wakarukia nje, na shemeji akawahi kufungua terminali ya betri kwa spana namba 10. Hakuna aliyeumia, lakini gari lililokuwa linalipa ada za watoto lilikaa gereji mwezi mzima. Sheria ya Ohm niliijua vizuri. Kilichonishinda ni kupiga hesabu kabla ya kushika waya.

1. Anza na chanzo cha umeme

Gari dogo lina betri ya 12 V. Injini ikiwaka, alteneta huipandisha volteji hadi kati ya 13.8 V na 14.4 V. Malori mengi makubwa yanayolala Tinde yana betri mbili za 12 V zilizounganishwa kwa mfululizo, kwa hiyo mfumo wake ni wa 24 V. Ukiifunga redio ya 12 V moja kwa moja kwenye 24 V, itaungua. Wapo wanaokwepa hilo kwa kuchukua umeme kwenye betri moja tu kati ya hizo mbili. Redio italia, lakini betri moja itakuwa inaishiwa chaji huku nyingine ikizidishiwa, na zote mbili zitakufa mapema. Njia sahihi ni kifaa cha kushusha volteji kutoka 24 V hadi 12 V.

2. Usidanganywe na wati za kwenye boksi

Boksi la redio huandikwa "50 W × 4". Tuipime kauli hiyo.

*Mfano wa 1.* Redio isiyo na amplifaya ya nje inaendesha spika ya 4 Ω kwa betri ya 12 V. Tafuta nguvu halisi inayofika kwenye spika.

*Suluhisho.* Umeme wa sauti hupanda na kushuka, na kilele chake hakiwezi kuzidi 12 V. Volteji yake fanisi ni kilele kugawanya kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani 12 ÷ 1.41 ≈ 8.5 V.
P = V²/R = 8.5² ÷ 4 ≈ 18 W.

Injini ikiwaka na volteji ikafika 14.4 V, njia hiyohiyo inatoa kama 26 W. Sasa chukua 14.4 V ileile kama ilivyo, bila kuigawanya: 14.4² ÷ 4 ≈ 52 W. Namba 50 inapatikana hapo. Ni nguvu ya kilele, ya kitambo kidogo sana. Unapolinganisha vifaa, tafuta wati za kuendelea, zinazoandikwa RMS.

3. Spika: mfululizo au sambamba?

Ndani ya spika kuna koili iliyokaa kwenye uga wa sumaku. Mkondo ukipita, koili husukumwa mbele na nyuma pamoja na koni, na hewa hutikisika. Ni kanuni ileile ya nguvu inayosukuma waya wenye mkondo ndani ya uga wa sumaku.

Amplifaya huandikwa kiwango cha chini cha ukinzani inachoweza kuhimili. Tuseme yako imeandikwa 4 Ω, nawe una spika mbili za 4 Ω.

- Kwa mfululizo: R = 4 + 4 = 8 Ω. Ni salama, ila nguvu hupungua.
- Kwa sambamba: 1/R = 1/4 + 1/4, hivyo R = 2 Ω.

Kwa kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827, ukinzani ukishuka hadi nusu huku volteji ikibaki ileile, mkondo huwa mara mbili. Amplifaya ya 4 Ω ikilazimishwa kuendesha 2 Ω huchemka, hujizima au huungua. Amplifaya nyingi huharibika kwa kosa hili, na watahiniwa wengi hupoteza alama papo hapo: wanaandika 1/R = 2/4, halafu wanasahau kuigeuza.

4. Waya na fyuzi: hapa ndipo gari huungua

*Mfano wa 2.* Amplifaya inachukua 300 W kutoka betri ya 12 V kupitia waya wa shaba wenye urefu wa m 5. Ukinzani mahususi wa shaba ni 1.7 × 10⁻⁸ Ωm. Linganisha waya wenye eneo la mkato la mm² 2.5 na ule wa mm² 10.

*Suluhisho.* Mkondo: I = P/V = 300 ÷ 12 = 25 A.

Waya wa mm² 2.5:
R = ρL/A = (1.7 × 10⁻⁸ × 5) ÷ (2.5 × 10⁻⁶) = 0.034 Ω
Volteji inayopotea = IR = 25 × 0.034 = 0.85 V
Joto kwenye waya = I²R = 625 × 0.034 ≈ 21 W

Waya wa mm² 10:
R = 0.0085 Ω
Volteji inayopotea ≈ 0.21 V
Joto ≈ 5 W

Kumbuka kugeuza mm² kuwa m² kwa kuzidisha na 10⁻⁶. Ukisahau, jibu lako litakuwa dogo mara milioni moja.

Sasa rudi kwenye Noah ya shemeji. Waya wa mm² 2.5 uligusa bati katikati ya safari yake. Urefu uliobaki ni m 2.5, hivyo ukinzani wake ni 0.017 Ω. Tuchukue ukinzani wa ndani wa betri kuwa 0.01 Ω na ule wa bodi tuuache kwa udogo wake.
I = 12 ÷ 0.027 ≈ 444 A
Joto kwenye waya = 444² × 0.017 ≈ 3,350 W

Birika la umeme la nyumbani kwa kawaida halifiki wati hizo, na hapa zilikuwa ndani ya waya mwembamba chini ya zulia la gari. Fyuzi ya 30 A ingekatika papo hapo.

Iweke fyuzi karibu kabisa na betri, isizidi sentimita 45 hivi. Ukiiweka kule kwenye amplifaya, waya wote wa katikati unabaki bila ulinzi. Mtihani ukiuliza kazi ya fyuzi, usiandike "huzuia umeme mwingi" ukaishia hapo. Andika kwamba huyeyuka na kukata saketi pale mkondo unapozidi kiwango chake, hivyo kuulinda waya na kifaa.

5. Muziki injini ikiwa imezimwa

Betri ya 60 Ah ikitoa 10 A kwa saa 3 imetumia 30 Ah, yaani nusu ya chaji yake. Kwa betri iliyochoka, hiyo inatosha kukulaza njiani. Ukipaki kwenye sherehe, washa injini mara kwa mara au punguza sauti.

6. Masikio hayana fyuzi

Kiwango kinachotumika sana kulinda wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa mara mbili, na muda salama hupungua kwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2. Usikivu unaopotea kwa kelele haurudi.

7. Mpangilio wa kazi

1. Andika volteji ya gari na wati za kuendelea za kila kifaa.
2. Piga hesabu ya mkondo, kisha chagua waya na fyuzi.
3. Piga hesabu ya ukinzani wa spika zote kwa pamoja.
4. Fungua terminali hasi ya betri kabla ya kugusa waya wowote.
5. Kila tundu la bati liwe na mpira wa kukinga waya.
6. Waya hasi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.
7. Nyaya za sauti zipite upande mmoja na waya wa betri upande mwingine, ili kupunguza mlio wa injini kuingia kwenye spika.
8. Fyuzi iingizwe mwisho, baada ya kukagua kila kiungo.

Maswali ya kujipima

1. Spika nne za 4 Ω zimeunganishwa mbilimbili kwa mfululizo, kisha jozi hizo mbili kwa sambamba. Tafuta ukinzani wa jumla.
2. Balbu ya 12 V, 24 W imefungwa kimakosa kwenye 24 V. Ukinzani ukichukuliwa kuwa haubadiliki, tafuta nguvu mpya.
3. Kwa nini fyuzi ya 30 A isibadilishwe kwa kipande cha waya?

Majibu

1. (4 + 4) sambamba na (4 + 4) = 4 Ω.
2. R = 12² ÷ 24 = 6 Ω; P = 24² ÷ 6 = 96 W, mara nne ya awali.
3. Waya huo hautayeyuka kwenye 30 A. Hitilafu ikitokea, mkondo utaendelea kupita na waya mkuu utashika moto. Mimi nimeuona moshi wake; wewe uishie kuuona kwenye hesabu.