Mwanamke mwenye timu apimwe kwa kazi yake

Gairo. Ligi Kuu ikipamba moto, simu za wazazi wengi hujaa habari za Simba na Yanga. Watoto nao husoma, maana simu ya mzazi mara nyingi ni ya nyumba nzima. Humo hawajifunzi matokeo tu. Wanajifunza pia nani anastahili kuwa bosi wa timu, na bosi huyo akiwa mwanamke anasemwa vipi.

Mfano tunao hapa hapa nchini. Septemba 2020, Simba ilimteua Barbara Gonzalez kuwa Ofisa Mtendaji Mkuu akiwa na miaka 30. Wapo waliomjadili kwa rekodi yake ya kazi, lakini wapo pia waliohangaika na sura na mavazi yake, na kuuliza mwanamke ameujulia wapi mpira.

Wakati wake Simba ilitwaa ubingwa wa msimu wa 2020/21 na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mwaka 2022 Simba Queens ilishika nafasi ya nne katika Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake, nchini Morocco. Lakini Oktoba 2021 Simba ilitolewa na Jwaneng Galaxy ya Botswana baada ya kufungwa 3-1 Dar es Salaam, na msimu huo ubingwa wa ligi ukaenda Yanga. Habari ya haki inaweka yote mezani. Kumsifu tu kwa kuwa ni mwanamke ni kumpunja, sawa na kumdhihaki kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna jambo jingine: Barbara hakuwa mmiliki, alikuwa mwajiriwa. Katika mfumo wa hisa wa Simba, asilimia 51 ni za wanachama na 49 za mwekezaji. Mmiliki ana hisa, mtendaji mkuu ameajiriwa, mwenyekiti amechaguliwa, na mdhamini analipa ili jina lake likae kwenye jezi. Tukichanganya vyeo hivi, tunambebesha mtu lawama au sifa isiyo yake.

Hata Uingereza hilo limetokea. Newcastle United iliponunuliwa Oktoba 2021, sura iliyoonekana zaidi ilikuwa ya Amanda Staveley. Hata hivyo, kampuni yake ilipata asilimia 10 tu, huku asilimia 80 zikienda kwa mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia. Michele Kang wa Marekani ni habari tofauti. Mwaka 2022 alipata hisa nyingi zaidi katika timu ya wanawake ya Washington Spirit. Huyo kumwita mmiliki ni sahihi kabisa.

Mitaani kwetu kosa huja kwa namna nyingine. Mwanaume akinunua jezi, mipira na kulipa nauli ya timu, haraka anaitwa mwenye timu. Mama mwenye duka akifanya hayo hayo, anaitwa mlezi, au mke wa fulani. Ulezi ni heshima, lakini kama fedha na maamuzi ni vyake, basi timu ni yake. Isitushangaze. Wakaguru na Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo imekuwa ikirithiwa kwa njia hiyo tangu zamani. Mwanamke kuwa na chake si jambo lililoletwa na mitandao.

Kwa nini ukurasa wa familia ulibebe hili? Kwa sababu linagusa afya ya watoto. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 waushughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kwa siku. Wasichana wengi huacha michezo wanapovunja ungo. Kukosa taulo za kike ni sababu mojawapo, na maneno juu ya miili yao ni nyingine. Binti anayesikia bosi wa klabu kubwa akijadiliwa kwa umbo lake anajua fika atasemwaje akivaa bukta ya UMISSETA. Wengine huamua kukaa pembeni, wakaukosa mchezo na faida zake kwa mwili na akili.

Mzazi unaweza kuanza leo. Mkisoma habari ya mwanamke anayeongoza au kumiliki timu, muulize mtoto maswali manne. Cheo chake hasa ni kipi? Ana hisa kiasi gani, au ameajiriwa? Timu imefanya nini chini yake, mazuri na mabaya? Na je, mwandishi angemuuliza mwanaume swali hilo la ndoa, watoto au mavazi?

Swali la mwisho lisimzuie mwandishi kuuliza magumu. Mishahara ya wachezaji ikichelewa, mmiliki aulizwe, awe mama au baba. Usajili ukienda kombo, aulizwe. Kumlinda asiulizwe nako ni kumwona mgeni kwenye mpira.

Kabla hujasambaza habari kwenye kundi la wazazi, isome mbele ya binti yako. Ukiona aibu kuisoma kwa sauti, usiisambaze.