Kitufe Hakijui Jina Lake

Sogeeni karibu, wanangu. Mmoja wenu ameniuliza: kibodi ya kompyuta ikifa, tunachaguaje nyingine? Swali zuri sana hili. Wakubwa wengi huingia dukani, wakaona kibodi inang'aa, wakalipa, wakaondoka nayo. Hawaulizi kitu. Wewe umeuliza. Basi mjomba wako atakujibu, na atakujibu kwa kisa.

Kisa chenyewe kinatoka Mununga. Mnaijua Mununga? Iko kaskazini mwa Zambia, mkoa wa Luapula, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Ziwa moja, nchi mbili. Upande wa Zambia watoto husomeshwa Kiingereza. Upande wa Kongo, kule Pweto na Kilwa, watoto husomeshwa Kifaransa, na sokoni watu husema Kiswahili. Likumbukeni hilo la Kiingereza na Kifaransa. Tutalihitaji.

Hapo Mununga palikuwa na mama mmoja, mfanyabiashara wa chisense. Chisense ni samaki wadogo wa ziwa hilo, wadogo kama dagaa. Huvuliwa usiku kwa taa, kisha huanikwa juani mpaka wakauke. Wateja wa mama huyu walitoka ng'ambo, kwa hiyo hesabu zake aliziandika kwa Kiswahili. Alikuwa na kompyuta ya mezani. Alikuwa pia na binti mdadisi, wa kuuliza kila kitu. Kila jioni binti aliandika: magunia mangapi yameingia, magunia mangapi yametoka.

Jioni moja akaandika "magunia". Kwenye skrini ikatokea "mguni". Akaandika "dagaa". Ikatokea "dg".

Kitufe cha A kimekufa!

Jamani, Kiswahili bila A ni kitu gani? Hakuna herufi tunayoitumia zaidi ya hiyo. Binti akapiga kelele: "Mama, tununue kibodi nyingine!"

"Ngoja kwanza," ikasema sauti ya kukwaruza. Nani huyo? Alikuwa Kibodi Mzee mwenyewe. "Kabla hujanitupa, mjukuu wangu, chomoa waya wangu. Nigeuze kichwa chini. Nikung'ute taratibu."

Binti akamgeuza, akamkung'uta. Ukadondoka mchanga. Yakadondoka magamba ya samaki. Ikadondoka punje ya wali. Vibodi wengi wanaosemekana wamekufa hupona hapo hapo, kwa kukung'utwa tu na kusuguliwa kwa brashi laini. Sikieni vizuri hilo: kusafisha ni bure. Lakini A ya mzee huyu haikuamka.

"Babu, kwani ndani yako kuna nini?" binti akauliza.

Mwaona alivyouliza? Hivyo ndivyo ninavyopenda.

"Ndani yangu kuna karatasi tatu za plastiki," Kibodi Mzee akasema. "Ya juu imechorwa njia nyembamba za umeme. Ya chini nayo imechorwa njia. Ya katikati ina matundu tu. Ukibonyeza kitufe, karatasi ya juu inashuka kupitia tundu, inaigusa ya chini, na umeme unapita. Ukiachia, mpira mdogo unakirudisha kitufe juu. Sasa ile chai uliyonimwagia wiki iliyopita imeila njia yangu pale kwenye A. Njia ikiliwa, umeme haupiti. Mimi nimechoka, mjukuu wangu. Tafuta mwenzangu."

Mama akatuma ujumbe kwa mteja wake wa Pweto. Mteja akaja na boti, mkononi kibodi mpya. Ndogo, nyeusi, inang'aa, bei nafuu. Binti akaichomeka. Akatafuta herufi kwa macho, akabonyeza moja moja: s, a, m, a, k, i. Akainua kichwa.

Kwenye skrini: "sq;qki".

Akafuta. Akaandika "watu". Ikatokea "zqtu". Akaandika jina la kwao, Mununga. Ikatokea ":unungq". Akaanza kulia.

"Mjomba, kibodi ilikuwa mbovu?" Nakuona umenyoosha mkono. Hapana, mwanangu, ilikuwa nzima kabisa. Na subirini, maana lilifuata jambo la ajabu zaidi. Mama mwenyewe alikuja, akakaa. Mama aliandika kwa vidole kumi bila kuitazama kibodi, kwa sababu vidole vyake vilikwisha kuzoea. Macho yake yalikuwa kwenye risiti. Akaandika "samaki". Ikatokea "samaki"! Akaandika "Mununga". Ikatokea "Mununga"!

Anayetazama anakosea. Asiyetazama anapatia. Inawezekanaje?

Hapo Kibodi Mgeni akafungua kinywa. "Usilie, dada. Nikuambie siri yetu. Kitufe hakijui jina lake."

"Hakijui? Si limeandikwa juu yake?"

"Limeandikwa mgongoni pake, mwenyewe halioni! Fikiria kijiji chenye barabara zinazokatana. Vitufe ni nyumba. Mtu akibisha hodi kwenye nyumba, mimi napeleka habari: hodi imepigwa barabara ya pili, nyumba ya kwanza. Basi. Simjui anayekaa humo. Anayejua ni kompyuta. Yeye ndiye mwenye orodha ya wakazi. Anaitazama orodha yake, anasema: ahaa, nyumba hiyo anakaa A. Ndipo A inatokea."

"Sasa mbona inatokea Q?"

"Kwa sababu mimi nimetoka kijiji cha Kifaransa. Kwetu wakazi wamehama. A na Q wamebadilishana nyumba. W na Z wamebadilishana nyumba. M ameondoka safu ya chini, amehamia jirani na L. Wewe unasoma majina yangu ya Kifaransa, lakini kompyuta yenu ina orodha ya Kiingereza. Unabisha kwa A, orodha inasema hapo anakaa Q. Mama hasomi majina. Anabisha pale alipozoea, na orodha inamkubalia."

Mmeelewa? Tazameni kibodi yoyote, safu ya juu ya herufi, kuanzia kushoto. Ikianza Q, W, E, R, T, Y, hiyo ni ya kijiji cha Kiingereza. Ikianza A, Z, E, R, T, Y, hiyo ni ya Kifaransa. Zambia ilitawaliwa na Waingereza. Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji, wakaacha Kifaransa maofisini na mashuleni. Basi ndani ya ziwa lile lile, wavuvi wanaopungiana mikono wana vibodi viwili tofauti.

"Mjomba, mbona hawakupanga A, B, C tu?" Ah! Swali hilo hata mimi nililiuliza utotoni. Mpangilio wa Q, W, E ulitoka Marekani, katika mji wa Milwaukee. Christopher Latham Sholes na wenzake walipata hataza ya mashine yao ya kuandikia mwaka 1868. Kampuni ya Remington ikaanza kuiuza mwaka 1874. Herufi zilianza kwa A, B, C, zikahamishwahamishwa kwa miaka kadhaa kabla ya kutulia. Lakini ile A, B, C ya mwanzo haikufutika yote. Piteni safu ya katikati kwa kidole: D, F, G, H, J, K, L. Mnaiona alfabeti? Bado imo, imepungukiwa E na I tu. Na mkipapasa F na J mtakuta vinundu viwili vidogo. Vinaonyesha vidole vya shahada vikae wapi, hata gizani. Kibodi ya Kifaransa nayo inavyo, pale pale.

Turudi kwa binti. Alifuta machozi, akauliza: "Basi nikiibadilisha orodha ya kompyuta?"

Mtoto mwerevu huyu! Inawezekana, na ni bure. Ukifungua mipangilio ya kompyuta, sehemu ya lugha na kibodi, ukachagua Kifaransa, majina na orodha vinapatana. Binti akafanya hivyo. Akaandika "samaki", ikatokea "samaki".

Lakini sasa mama akapotea. Vidole vyake vilivyozoea vikawa ndivyo vinavyokosea. Kisha akataka kuandika 50, na hapo shida ikazidi. Kwenye kibodi ya Kifaransa, tarakimu za safu ya juu hazitoki mpaka ushikilie kitufe cha Shift, kwa sababu nafasi zao wamepewa é, è, ç, à na alama nyingine. Kwa mtoto wa Pweto anayeandika insha ya Kifaransa, hiyo ni raha tupu. Kwa mama anayeandika kilo na pesa za kwacha kutwa nzima, ni adhabu.

Na mimi naongeza langu. Mahali pa kidole kidogo cha kushoto, pale kinapopumzika, kibodi ya Kifaransa imemweka Q. Sisi waandishi wa Kiswahili hatuitumii Q hata kidogo! Na A wetu, tunayemhitaji kila wakati, kapelekwa safu ya juu. Kwa anayeandika Kiswahili kwa wingi, na ana hiari ya kuchagua, mimi namshauri achukue ile ya Q, W, E. Kiswahili hakina alama za juu ya herufi, hivyo kibodi hiyo inamtosha bila kuongezewa kitu.

Mgeni hakutupwa. Mama alimuuza kwa abiria aliyekuwa anarudi Pweto, mwenye mtoto sekondari. Mgeni akaondoka anacheka, anarudi kwao.

Kisha mama na binti wakasafiri kwenda sokoni Kashikishi, karibu na Nchelenge. Safari hii binti ndiye aliyeuliza maswali, na muuzaji alitokwa na jasho.

Kwanza akatazama mdomo wa waya. Kompyuta yao ilikuwa na tundu bapa la USB. Pale mezani palikuwa na kibodi ya mtumba, nzuri, lakini mdomo wake ni wa mviringo, una pini ndogo ndani. Huo ni wa kompyuta za zamani. Akairudisha. Palikuwa na nyingine isiyo na waya. Inapendeza, lakini inakula betri, na betri zikiisha usiku wakati magunia yanapakiwa, nani atafungua duka? Akaiacha. Akatafuta yenye tarakimu upande wa kulia, zile zilizopangwa peke yake pamoja na alama za kujumlisha na kutoa. Mama wa hesabu bila hizo atasumbuka bure.

Zikabaki mbili, zote Q, W, E. Moja ilikuwa na @ juu ya 2. Nyingine @ yake ilikuwa kulia, karibu na Enter, na juu ya 3 ilikuwa na alama ya pauni. Ya kwanza ya Marekani, ya pili ya Uingereza. Hapo usihangaike sana. Chukua inayofanana na ile ya zamani, au ibadilishe orodha ndani ya kompyuta.

Je, kama kompyuta ni laptopu? Kibodi yake imelala ndani, imeungwa kwa utepe mwembamba wenye nyaya. Usinunue kwa kukisia. Geuza laptopu, soma namba ya modeli iliyoandikwa chini, mpelekee fundi namba hiyo, na umwambie mpangilio unaoutaka. Namba isipolingana, huenda matundu ya skurubu yasikutane. Na kama pesa ni chache, chomeka kibodi ya nje ya USB. Laptopu itaipokea, na kazi itaendelea.

Sasa ninyi, wanangu, siku mkitumwa kununua, nendeni na kompyuta yenu, au simu inayokubali USB pamoja na kiunganishi chake kidogo. Ichomekeni kibodi pale pale dukani. Bonyezeni kila kitufe, kimoja kimoja, hata kile kirefu cha nafasi. Kisha, huku mkitazama majina ya vitufe, andikeni neno hili: mawazo. Ndani yake wamo M, A, W na Z, wale wale wanaohama. Likitokea "mawazo", lipeni. Likitokea ";qzqwo", mmeshajua sababu, na mmeshajua cha kumwambia muuzaji. Na muuzaji akikataa msiijaribu, muageni kwa heshima, mwende duka la pili.